Skii zipi kwa mwongoza watalii wa Moshi anayekwenda Austria kwa mara ya kwanza?

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro, nakaa Moshi, Pasua. Mgeni niliyempandisha kwa njia ya Machame amenialika kwao Austria mwezi Februari, wiki nzima ya kuteleza kwenye theluji karibu na Innsbruck. Anataka nimtumie urefu, uzito, saizi ya kiatu na 'aina yangu ya kuteleza' ili aniandalie vifaa. Mimi skii, vile vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, sijawahi hata kuzishika. Anasema mdogo wake ana jozi ya ziada, urefu sentimita 178, upana wa katikati milimita 106, ninaweza kuitumia bure badala ya kukodi. Nina sentimita 172, kilo 66, umri miaka 31, na miguu yangu ni ya kazi kwa sababu mlima ndio ofisi yangu. Kwenye video wananivutia wale wanaoshuka nje ya njia, theluji inawafika magotini. Je, nichukue hizo za bure, nikodi, au ninunue za kwangu kabisa? Na za aina gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe ili usome mengine ukiwa umetulia. Hizo za bure mwachie mwenyewe, mshukuru sana. Kodi skii fupi kuliko wewe, nyembamba katikati, na laini. Mwaka huu usinunue kitu, labda soksi. Hela uliyotaka kununulia skii ilipie mwalimu wa siku tatu za mwanzo, tena mwalimu wa shule ya skii, si mgeni wako, hata kama anateleza vizuri kiasi gani. Rafiki anayefundisha rafiki yake kwenye theluji humaliza wiki akiwa na rafiki mmoja pungufu.

Sasa sababu, maana watu wa mlimani hatukubali neno mpaka tujue linatoka wapi.

Kabla sijarudi Moshi nilifanya kazi misimu ya baridi kwenye karakana ya duka la kukodisha vifaa huko Tirol, mkoa huohuo unaokwenda. Kazi yangu ilikuwa kumpima mtu, kumchagulia buti, kumkazia vifungo, yaani vile vinavyoshika buti kwenye skii, na kunoa kingo za skii jioni. Waliotutesa hawakuwa wazee wala waoga. Walikuwa vijana wenye nguvu: wacheza mpira, wanajeshi, wapanda milima. Mtu wa namna hiyo akiingia dukani anachagua skii kwa kuangalia mapaja yake. Lakini skii hazijui paja lako lina nguvu gani. Zinajua mambo mawili: umesimama wapi juu yake, na chini yake kuna theluji gani. Ukiyajibu hayo mawili kwa ukweli, aina ya skii inajichagua yenyewe.

Tuanze na unavyosimama, kwa sababu hapo wewe una tatizo ambalo mtu wa benki aliyekaa kitini mwaka mzima hana. Fikiria unavyoshuka kutoka Stella Point kwenda kambi ya Barafu asubuhi baada ya kilele. Unakanyaga changarawe kwa visigino, mwili umeuvuta nyuma kidogo, unaiacha miguu iteleze na vumbi, hatua moja inakupeleka mita mbili. Umefanya hivyo miaka mingi mpaka mwili umekariri. Mteremko ukizidi, unakaa nyuma zaidi. Kwenye changarawe hiyo ni akili. Kwenye skii ndiyo itakayokulaza chali.

Skii huongozwa kwa sehemu ya mbele. Unaegemeza ugoko kwenye ulimi wa buti, uzito unakwenda mbele, pua ya skii inashika theluji na kuanza kuzunguka, na wewe unaifuata. Ukikaa nyuma, pua inakuwa nyepesi, haishiki kitu, na mkia ndio unaobeba uzito. Skii zikibebwa kwa mkia haziendi kokote isipokuwa mbele moja kwa moja, na kasi inapanda. Kasi ikipanda unaogopa. Ukiogopa, mwili wako unafanya ulichokifundisha kwenye changarawe: unakaa nyuma zaidi. Mwalimu atakupigia kelele "mbele, mbele!" na utaona anakutania, kwa sababu mbele ndiko kuna bonde.

Hapo ndipo ugumu wa skii unapokuwa na maana. Skii ngumu, hasa yenye mkia mgumu, imetengenezwa kwa mtu wa kasi anayetaka isitetemeke. Ukiikalia nyuma haikusamehe, inakusukuma uende nayo. Skii laini inapinda hata kwa uzito mdogo na mwendo mdogo, na ukikosea mkia wake unalegea na kukupa nafasi ya kurudi mahali pako. Kwa kilo 66, na kwa tabia ya visigino uliyonayo, ulaini ni jambo la kwanza la kuomba, hata kabla ya urefu. Dukani hawakuandikii namba ya ugumu wa skii, kwa hiyo sema wazi kwamba ni mara yako ya kwanza, watakupeleka kwenye safu yake.

Sasa umbo. Ukiitazama skii kutoka juu utaona pua pana, kiuno chembamba, halafu mkia unapanuka tena. Ule mkunjo wa ubavuni ndio unaokata kona: ukiilaza skii upande na kuikanyaga, inapinda, na ukingo wake wa chuma unachora duara kwenye theluji. Mkunjo ukiwa mkubwa, duara ni dogo. Kwenye skii nyingi utakuta imeandikwa nusukipenyo cha duara hilo kwa mita. Za kukodi kwa anayeanza huwa kati ya mita 12 na 15 hivi, yaani zinageuka kwa urahisi. Zile za mashindano ya mteremko mkubwa kwa wanaume huanzia mita 30, na hizo hata kuzigeuza kwenye uwanja wa mazoezi ni kazi.

Umbo hili si la zamani sana. Unajua ile barafu ya Furtwängler iliyobaki kule shimoni Kibo. Walter Furtwängler mwenyewe alifika kileleni mwaka 1912 pamoja na Siegfried König, wakiwa na skii, na kwenye kushuka walizitumia. Zilikuwa za mbao, ndefu, karibu nyoofu, na hazina chuma pembeni, kwani kingo za chuma zilibuniwa Austria miaka ya 1920. Tangu walipopita hapo, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imekwisha, hayo huhitaji kuambiwa na mtu. Ila skii nyoofu zilidumu muda mrefu ajabu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wazima waliteleza na skii za mita mbili, ndipo kiwanda cha Elan cha Slovenia kikatoa skii zenye kiuno kilichobanwa kweli, na ndani ya miaka michache dunia nzima ikageuka. Kwa hiyo akitokea mtu, hapa au kule, akikuuzia kwa bei ya kutupa jozi ndefu iliyonyooka kuanzia pua hadi mkia, huyo anakuuzia pambo la ukutani.

Turudi kwenye jozi ya mdogo wa mgeni wako. Kiuno cha milimita 106 ni cha theluji ya unga, ile laini iliyoanguka usiku ambayo mashine haijaigusa. Upana unakusaidia kuelea usizame. Lakini wewe hutakuwa kwenye unga. Utakuwa kwenye pisti, njia iliyosawazishwa na mashine usiku kucha, ambayo saa tatu asubuhi ni ngumu na saa nane mchana imeshalainika na kujaa mafungu. Kwenye theluji ngumu, kinachokushika ni ukingo. Skii ikiwa nyembamba, ukingo unakaa karibu chini ya mguu wako, unaulaza kidogo tu na umeshika. Skii ikiwa na milimita 106, ukingo uko mbali upande, na kuuinua na kuushikilia ni kazi ya kifundo na goti. Mtu mwenye ujuzi anaiweza. Anayeanza anachoka magoti kabla ya chakula cha mchana na hajui kwa nini, anadhani ni mwinuko. Si mwinuko: kituo cha juu cha lifti kwenye barafu ya Stubai, karibu na Innsbruck, ni mita 3,200 na kidogo, chini ya kambi ya Horombo kwetu.

Halafu ule urefu wa 178. Skii ndefu hutulia kwenye kasi kwa sababu ina ukingo mrefu unaogusa theluji, na kwa sababu hiyohiyo inakataa kugeuka kwenye mwendo mdogo. Wewe utakuwa kwenye mwendo mdogo. Kujifunzia skii inayokupita urefu ni kama kujifunzia udereva kwenye fuso la mizigo: inawezekana, ila kona zote utazichukia. Kwa anayeanza, skii ikisimamishwa wima iishie kati ya kidevu na pua. Kwako hiyo ni kama sentimita 152 hadi 160. Kwa kuwa u mwepesi, mimi ningekupa ile ya kidevuni. Kiuno kiwe milimita 70 hadi 78.

Na kuna sababu ya tatu ambayo mgeni wako pengine hajaifikiria, nayo ni nzito kuliko hizo mbili. Vifungo vya skii hizo vimekazwa kwa uzito wa mdogo wake na kwa urefu wa soli ya buti lake. Nitaeleza hilo mbele kidogo.

Kitu kingine utakachokutana nacho ni upinde. Weka skii sakafuni bila kuikanyaga: za pisti huinuka katikati, zinagusa chini puani na mkiani. Ukizikanyaga zinanyooka, na ukingo wote unagusa. Zile za unga mara nyingi ni kinyume, pua imeanza kuinuka mapema ili isizame. Muundo huo huitwa roka, na ulishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi nyingi zimechanganya: roka kidogo puani, upinde wa kawaida chini ya mguu. Hiyo inamfaa sana anayeanza, kwa sababu pua haijichomeki kwenye theluji anapoanza kona. Ukipewa yenye mchanganyiko huo, sema asante. Ukipewa yenye roka ndefu pua na mkia, rudisha, kwenye pisti ngumu itakuwa inayumba kwa sababu sehemu inayogusa chini ni fupi kuliko inavyoonekana.

Aina nyingine nazitaja haraka. Kuna za mlima wote, kiuno kati ya 80 na 95 hivi, za mtu anayeshinda kwenye pisti asubuhi na kutoka nje kidogo mchana; hizo ndizo utakazozitazama safari ya pili au ya tatu. Kuna zenye ncha zilizopinda mbele na nyuma, za vijana wanaoruka kwenye viwanja vya miruko na kutua kinyumenyume. Usiguse.

Nimeacha jambo kubwa makusudi. Kama una nafasi ya kuchagua kwa makini kitu kimoja tu, chagua buti. Skii isiyokufaa itakuchosha, lakini buti lisilokufaa litakurudisha hotelini. Na hapa tena kazi yako itakudanganya. Sisi tunawaambia wageni kila siku kwamba buti la mlimani liache nafasi mbele ya vidole, kwa sababu ya kushuka, na wavae soksi nene. Buti la skii ni kinyume kabisa. Ni ganda la plastiki gumu, na kazi yake ni kupeleka kila unachofanya kwa mguu mpaka kwenye ukingo wa skii bila kupotea njiani. Mguu ukicheza ndani, unageuza mguu na skii inabaki inatazama kwingine. Karibu kila anayeanza hujichagulia buti kubwa kwa sababu dukani lilikuwa raha. Saa mbili baadaye amelikaza mpaka ganzi imeshika, na bado kisigino kinainuka.

Saizi ni urefu wa mguu kwa sentimita, basi, hakuna hesabu ya 42 au 43. Pima jioni baada ya kazi, si asubuhi: simama wima juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, uzito wote mguuni, chora alama mbele ya kidole kirefu, pima. Pima miguu yote miwili, na kama imepishana mweleze mpimaji dukani. Ukipata sentimita 26.5, saizi yako ni 26.5. Ukisimama wima ndani ya buti, vidole vinapaswa kugusa mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemea ulimi wa buti, vinarudi nyuma na kuacha kugusa. Hapo ndipo penyewe. Mpimaji mzuri pia hutoa buti la ndani, anakuingiza kwenye ganda tupu, unasogeza vidole mbele, anatazama nyuma ya kisigino: nafasi ya sentimita moja na nusu hadi mbili inatosha. Ikizidi hapo, ganda ni kubwa.

Upana nao upo. Maganda membamba huwa milimita 98 sehemu ya mbele ya wayo, ya kawaida 100, mapana 102 hadi 104. Watu waliokua wakitembea pekupeku na kandambili, na mimi ni mmoja wao, wengi tuna miguu iliyotanuka mbele. Usione aibu kuomba pana. Ila pana si ndefu: usikubali kuongezewa urefu ili upate upana, ni ujanja wa duka lililoishiwa.

Ugumu wa buti una namba yake, huitwa fleksi. Kwa kilo zako na kwa kuanza, 70 hadi 90 inatosha. Wanaoenda kwa kasi huvaa 120 na zaidi. Kila kiwanda kinaandika namba hiyo kwa kipimo chake, kwa hiyo 90 ya huyu inaweza kuwa 80 ya yule. Jaribu kukunja goti mbele, buti likikataa kabisa ni gumu mno kwako. Buti gumu ndilo linalomfanya mtu akae nyuma, na tumeshasema wewe huhitaji sababu nyingine ya kukaa nyuma.

Soksi ni moja tu kila mguu, ndefu ya kupanda juu ya buti, nyembamba. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Mkunjo mdogo wa nguo juu ya ugoko, baada ya saa tatu unakuwa kidonda.

Sasa vifungo, nilivyoahidi. Kifungo kina kazi mbili zinazopingana: kukushika usichomoke bila sababu, na kukuachia ukianguka ili mguu usivunjike. Nguvu ya kuachia huwekwa kwa namba, na namba hiyo inatoka kwenye jedwali linalohitaji uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na aina yako ya kuteleza. Hapo ndipo swali la mgeni wako linapotoka. Jedwali lina aina tatu za kawaida: ya kwanza ni mtu wa mwendo mdogo na tahadhari, ya tatu ni mtu wa kasi na miteremko mikali, ya pili yuko katikati. Wewe ni wa kwanza. Usione haya kuiandika. Nimeona watu wakiongeza aina ili wasionekane wageni, na wanaume wakipunguza kilo au kuongeza bila sababu. Ukijiandika wa tatu, fundi atakaza vifungo kwa nguvu za mtu wa kasi, na wewe ukianguka kwa mwendo wa kutembea, kifungo hakitaona sababu ya kukuachia. Kinachojisokota ni goti. Kwa mwongoza watalii, goti ni mtaji.

Ndiyo maana nasema skii za kuazima zisivaliwe hivihivi, hata kama zingekuwa za urefu sahihi. Soli za buti nazo ziko za viwango tofauti, za kawaida, za kutembelea na za kupandia, na si kila kifungo kinakubali kila soli. Ukikodi buti na skii duka moja, fundi anavipima pamoja na anawajibika.

Nije kwenye ndoto yako ya video. Sitaki kuivunja, nataka kuipanga. Wale unaowaona kwenye theluji ya magotini wengi waliteleza tangu utotoni. Lakini kuna mlango mwingine wa kufika huko, na kwa mtu wa kazi yako nadhani ndio mlango wako halisi: skii za kupandia. Hizi huwa na kifungo kinachoachia kisigino wakati wa kupanda, mguu umeshikwa mbele kwa pini mbili tu. Ubunifu huo ni wa Fritz Barthel, mtu wa Tirol hukohuko, miaka ya 1980. Chini ya skii unabandika ngozi, ukanda wenye vinyweleo vinavyoteleza mbele na kukataa kurudi nyuma, na unapanda mlima kwa miguu yako mwenyewe bila lifti. Juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Skii moja ya namna hii, kiuno 80 hadi 95, huwa na kilo moja mpaka moja na nusu. Kwenye kupanda utawaacha wenyeji, hilo sina shaka nalo. Mapafu yaliyozoea kambi ya Barafu usiku wa manane hayatetemeki kwenye mita 2,500.

Tatizo ni kushuka, na tatizo kubwa zaidi ni maporomoko ya theluji. Nje ya pisti hakuna aliyekagua mteremko kwa ajili yako. Watu wa huko husoma kila asubuhi taarifa ya hatari yenye ngazi 1 hadi 5, hubeba kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ya kuchomea na koleo, na wanajua kuvitumia kwa dakika chache. Kusoma changarawe za Kibo hakukufundishi kusoma tabaka za theluji. Kwa hiyo mwaka huu pisti. Ukiweza kushuka njia nyekundu, yaani ya ugumu wa kati, kwa utulivu, skii zako zikiwa sambamba, bila kukaa nyuma, tuandikie tena tuzungumze ngozi na pini.

Ukifika huko na kuona kwamba kinachokufurahisha ni mwendo na jasho kuliko mteremko, omba siku moja ya skii za mwendo mrefu. Ni nyembamba sana na nyepesi, kisigino hakifungwi kamwe, unakwenda kwenye njia tambarare msituni. Jirani zetu wametangulia huko: Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji, alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri mwishoni mwa njia amkumbatie. Vifaa vyake ni rahisi kukodi, buti lake ni laini, na mwili wako utaujua mchezo huo ndani ya saa moja.

Kununua, basi, hapana. Utaziweka wapi Pasua, juu ya kabati? Skii ikikaa bila kutumika kingo zinashika kutu, na vifungo vinahitaji kukaguliwa. Kukodi kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitumii: maduka mengi huko yanakuruhusu kubadilisha katikati ya wiki. Anza na fupi na laini, siku ya nne ukiona zinakuchelewesha, rudi uombe zilizopanda sentimita tano. Kama baadaye utanogewa, kabla ya kuvuka bahari kuna Afriski kule Lesotho, kwenye milima ya Maluti juu ya mita 3,000, msimu wake ni Juni hadi Agosti.

Nguo usinunue Ulaya. Unajua soko letu la mitumba la Memorial palivyo. Suruali na makoti ya skii yanayotoka huko yamejaa kwenye mabelo, na nusu ya wapagazi wetu wameyavaa. Tafuta suruali yenye kitambaa cha ndani kinachobana juu ya buti, na glavu zisizopitisha maji, maana wiki hiyo utaanguka kwa mikono. Ndani usivae pamba. Kofia ngumu kodi na skii, miwani ya jua la mlimani unayo tayari.

Mgeni wako mwandikie hivi: "Asante kwa skii za mdogo wako, ila naomba nikodi. Urefu sentimita 172, uzito kilo 66 bila nguo nzito, umri miaka 31. Sijawahi kuteleza, aina ya kwanza. Urefu wa mguu kwa sentimita ni huu (andika ulichopima), mpana mbele. Naomba skii laini za pisti, kama sentimita 155, buti la fleksi 80, na nafasi kwenye darasa la wanaoanza siku tatu." Mtumie wiki hii. Februari ni mwezi wa likizo za shule Austria na kwa majirani zake, madarasa hujaa, na buti za saizi za kawaida ndizo huisha mapema.